Sherifu wa Kaunti ya Nairobi ni Nani?

*Kona ya Walimu: barua zenu hujibiwa na mwalimu mstaafu*

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa Gredi ya 5 katika shule moja ya msingi hapa Kibra. Darasa langu lina watoto 58. Mwaka huu nimepewa Masomo ya Jamii baada ya mwenzangu kuhamishwa, ilhali raha yangu ni Hisabati. Vitabu havitoshi. Kimoja husomwa na watoto watatu, na siku nyingine wanne, maana wengine huvisahau nyumbani.

Basi nikafanya kile ambacho kila mwalimu hufanya siku hizi. Niliingia Google nikaandika kwa Kiingereza kwamba nataka karatasi za mazoezi za Masomo ya Jamii, gredi ya tano, za bure. Yakaja mengi mpaka nikafurahi: picha za rangi, ramani, maswali na majibu yake kabisa. Nikanunua bando ya shilingi mia, nikapakua, nikaenda saiba, duka la intaneti, kuchapisha. Karatasi ya kwanza iliwataka watoto wataje makoloni 13. Hiyo niliishtukia mapema nikaitupa. Ya pili ilikuwa ya serikali ya kaunti, nikajiambia hii sasa ndiyo yenyewe. Nikatoa fotokopi 29, wakagawana wawili wawili. Nakiri sikuisoma yote.

Jumatatu akaja baba wa mtoto mmoja, mwenye bodaboda pale steji ya Olympic, akiwa na daftari la mwanawe. Akanionyesha kwa kidole mahali mtoto alipoandika kwamba anayechaguliwa na watu wa kaunti ni sherifu. Pembeni kulikuwa na alama ya vyema kwa kalamu nyekundu, mwandiko wangu mwenyewe. Akaniuliza bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma: "Madam, mimi nilipiga foleni tangu saa kumi usiku kumchagua gavana. Huyu sherifu tulimchagua lini?"

Mwalimu mkuu alipata habari, akasema nisilete tena vitu vya intaneti darasani.

Nimejiunga pia na vikundi vitatu vya WhatsApp ambako watu huuza maazimio ya kazi na maandalio ya somo. Shilingi 50, shilingi 100, unatuma M-Pesa unapokea PDF. Ya muhula uliopita ilikuwa na mada ambazo sizioni popote kwenye kitabu. Mwenzangu mmoja ananiambia niachane na yote hayo, niiamuru akili unde (AI) iniandikie. Nilijaribu, ikaandika vizuri kunishinda. Lakini darasani kukazuka ubishi: mtoto mmoja alisema simu ya dada yake inasema Kibra tuko watu milioni moja. Nikaiuliza akili unde, ikakubaliana na dada. Kitabu kimenyamaza. Mimi pia nikanyamaza.

Naomba unielekeze, Mwalimu. Nitapata wapi mtandaoni vitu vya Kenya yetu, visivyonimalizia mshahara? Na je, nimtii mwalimu mkuu niache intaneti kabisa?

Wako,
Madam Sherifu (ndivyo wa Gredi ya 6 wanavyoniita sasa), Kibra

JIBU

Marahaba, Madam. Jina la sherifu mimi sitakuita, ingawa nilicheka mpaka mjukuu wangu akaja kuuliza kuna nini.

Tuanze na huyo sherifu. Karatasi yako haikukosea. Ilikuwa sahihi huko ilikotoka. Marekani kaunti ni sehemu iliyo ndani ya jimbo, na nyingi kati ya kaunti zao huchagua sherifu wa kusimamia usalama. Yetu ni ngazi ya serikali iliyoundwa na Katiba ya 2010, ina gavana na bunge lake, na polisi si wa kaunti, ni wa taifa. Jina ni moja, kitu ni tofauti. Na hapo ndipo wewe mtu wa Hisabati ulipoteleza, maana somo lako lina starehe ambayo letu halina: saba mara nane ni 56 Chicago na ni 56 Laini Saba hapo kwenu Kibra. Masomo ya Jamii hayasafiri hivyo. Mtoto wao wa gredi ya tano mara nyingi hufundishwa jinsi makoloni 13 yalivyojitoa kwa Mwingereza. Mtaala wetu humfundisha wa Gredi ya 4 kaunti yake, wa Gredi ya 5 Kenya, wa Gredi ya 6 ukanda wa Afrika Mashariki. Hata zile picha za watu wanaohudumia jamii zitakuponza. Utamwona mtu wa posta akitia barua kwenye kisanduku nje ya kila nyumba. Mwanafunzi wako amemwona wapi huyo? Kwetu barua hukaa posta ndani ya S.L.P. mpaka uifuate.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu: acha kutafuta ugali uliokwisha kusongwa, tafuta unga. Ugali wa mtandaoni umesongwa na mtu asiyewajua watoto wako, tena mara nyingi umelala. Unga wa somo hili ni takwimu, sheria, ramani, picha za zamani na masimulizi ya wazee, na wa Kenya umejaa tele, bure, hata sasa unapolalamika.

Lakini kwanza uwe na mizani. Tovuti ya KICD, taasisi ya kukuza mitaala ya Kenya, ina miongozo ya mtaala ya kila gredi, unaipakua bila kulipa hata ndururu. Chukua wa Masomo ya Jamii Gredi ya 5 na uangalie jalada: mtaala ulipunguzwa na miongozo ikarekebishwa mwaka 2024. Nashuku ile PDF uliyouziwa ilinakiliwa kutoka mwongozo wa kabla ya hapo, ndiyo maana mada zake huzioni. Wauzaji hubadilisha tarehe ya juu tu. Mimi mwenyewe niliwahi kununua, sikunyoshei kidole. Ukishakuwa na mwongozo, soma mada ndogo na yale maswali dadisi, halafu ndipo uende kutafuta. KICD hao hao wana hazina yao mtandaoni iitwayo Kenya Education Cloud, na vipindi vyao vya televisheni na redio viko YouTube. Vipindi vingine ni vya zamani, kwa hivyo uvipime kwa mizani ile ile.

Unapotafuta, usiandike "gredi ya 5" peke yake, maana gredi ziko nchi nyingi. Taja Kenya, taja mahali, na mwishoni ongeza site:ke ili Google ikuletee tovuti zenye anwani za Kenya peke yake. Na ukikuta ukurasa unaosema Kenya ina mikoa minane, funga. Huo umelala tangu kabla ya 2013.

Sasa tuje kwenye milioni moja, maana hapo ndipo penye utamu, na wewe ulipapita kimya.

Fungua tovuti ya Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS. Tafuta matokeo ya sensa ya 2019, juzuu la kwanza, lenye idadi ya watu kwa kaunti na kaunti ndogo. Faili ni nzito, kwa hivyo ipakue mahali penye Wi-Fi, ukifika ukurasa wa Nairobi upige picha ya skrini, basi, huhitaji zaidi. Utaona kaunti ndogo 11 za sensa hiyo: Dagoretti 434,208, Embakasi 988,808, Kamukunji 268,276, Kasarani 780,656, Kibra 185,777, Lang'ata 197,489, Makadara 189,536, Mathare 206,564, Njiru 626,482, Starehe 210,423, Westlands 308,854.

Iandike ubaoni hivyo hivyo, uwaachie wajumlishe. Hisabati hiyo, Madam, uko nyumbani! Wakipata 4,397,073 wameipata Nairobi nzima, na wasipoipata warudie. Kisha waulize ni kaunti ndogo ipi yenye watu wachache kuliko zote. Watatafuta, halafu darasa litapiga kelele, maana ni yao. Kibra yote, mabanda na maghorofa yake, ilihesabiwa watu 185,777. Miaka kumi kabla, sensa ya 2009 ilikuwa imepata watu 170,070 katika Kibera, ndivyo jina la Kibra linavyoandikwa pia. Mipaka ya hesabu hizo mbili si ile ile kabisa, na uwaambie hivyo. Lakini hata ukiivuta vipi, haifiki milioni.

Basi milioni ilitoka wapi? Usiwape jibu upesi. Ilikuwa kadirio, likaandikwa na mmoja, akanukuliwa na wa pili, wa tatu akamnukuu wa pili, mpaka likawa "kila mtu anajua". Wageni wanaokuja kupiga picha hulipenda kwa sababu ni kubwa. Wanaoomba misaada nao hulipenda. Akili unde imesoma kurasa hizo zote, ndiyo maana ilikubaliana na dada wa mwanafunzi wako: imerudia kilichorudiwa zaidi. Na wapo watakaokwambia sensa nayo huwaruka watu, kwamba usiku wa kuhesabiwa wengine walikuwa kazini au safarini. Hoja hiyo nayo iingize darasani. Nani alihesabu, alihesabu vipi, lini, na anafaidika nini na namba hiyo? Mtoto wa miaka kumi akijifunza kuuliza hayo manne, hutakuwa na haja ya kumpekua kila anapoleta kitu kutoka kwenye simu ya dada.

Kuna mmoja atakayeuliza mbona kaunti ndogo ni 11 na yeye alisikia 17. Zile 17 ni maeneo bunge, yenye wadi 85 ndani yake. Usimkemee, huyo ndiye anayesikiliza.

Unga wa pili ni Katiba. Iko kwenye tovuti ya Kenya Law, na nakala ya Kiswahili ipo. Usiwapeleke watoto kwenye sura ndefu, watalala. Nenda mwisho, kwenye majedwali. Jedwali la Kwanza lina kaunti zote 47, Mombasa ya kwanza na Nairobi ya mwisho. Jedwali la Nne linagawanya kazi kati ya serikali ya taifa na za kaunti. Mimi ningewatoa watoto nje ya lango, dakika kumi tu, kila mmoja aandike mambo matano anayoyaona: taa ya barabarani isiyowaka, rundo la takataka, zahanati, chekechea, soko, askari polisi, reli. Mkirudi, mnafungua Jedwali la Nne na kuulizana kila kimoja ni cha nani. Takataka ni za kaunti, taa ni za kaunti, chekechea pia ni za kaunti, lakini shule yenu ya msingi ni ya serikali ya taifa. Polisi ni wa taifa. Hapo sherifu anazikwa rasmi, wala hukuhutubia.

Ramani nazo utazipata OpenStreetMap bila malipo. Hiyo ni ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuichora na kuisahihisha. Kwenu ina historia yake. Mpaka mwaka 2009 ramani nyingi zilikuwa zimeiacha Kibera tupu, kana kwamba hakuna mtu. Ndipo vijana wa hapo hapo, katika mradi wa Map Kibera, walipotembea na vifaa vya GPS wakachora njia, vyoo, visima vya maji, shule na makanisa. Fungua sehemu ya shule yenu, chapisha ukurasa mmoja, wape kazi ya kutafuta kilichobadilika tangu kichorwe. Fotokopi nyeusi na nyeupe inatosha. Rangi za saiba ni ghali na watoto wana penseli.

Kwa historia, sitakuficha, mtandao wetu una mashimo. Makumbusho ya Taifa yameweka picha na masimulizi ya jamii za Kenya kwenye Google Arts & Culture, na ni mazuri kwa ubao au kwa simu inayopokezanwa. Kwa kujisomea mwenyewe, UNESCO imetoa bure juzuu zake za historia ya Afrika. Juzuu la tano lilihaririwa na Profesa Bethwell Ogot, wa kwetu huyo. Usiwasomee watoto. Soma wewe usiku, ili asubuhi usiwe unawapita kwa ukurasa mmoja tu. Nasi tulioifundisha enzi za GHC, somo la jiografia, historia na uraia, tulipitwa hivyo mara nyingi.

Lakini wewe uko Kibra, na una kitu ambacho hakuna tovuti itakayokupa. Jina lenyewe ni la Kinubi, lugha ya jamii yenye asili ya Sudan, maana yake msitu. Askari wa Kinubi waliolitumikia jeshi la Mwingereza waliwekwa hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na kizazi chao kilidai hati ya ardhi kwa miongo mingi, mpaka mwaka 2017 walipopewa hati ya jamii ya ekari 288. Katika darasa la watoto 58 hapo Kibra, huenda wako wenye nyanya anayeyajua hayo kwa kuishi. Mwombe aje. Mruhusu akae kitini, asisimamishwe kama mshukiwa. Watoto waandae maswali siku moja kabla, na ukitaka kumrekodi kwa simu umwombe ruhusa. Rekodi hiyo ya dakika kumi na tano itakuwa kifaa chako cha mwakani na mwaka wa kesho kutwa. Hapo sasa utakuwa na kitu cha kuwapa wenzako kwenye kikundi cha WhatsApp badala ya kununua. Bibi akikubali isambazwe, lakini.

Kuhusu vikundi hivyo, baki kwenye kimoja. Kimoja kinatosha kwa habari na vitisho. Maazimio ya kazi unaweza kuyaandika mwenyewe kutoka kwenye mwongozo kwa jioni mbili, na utakuwa unayajua. PDF za vitabu vya wachapishaji zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa uziache. Hizo si za bure, ni za wizi, na mara nyingi ukurasa wenye ramani ndio uliokatika.

Akili unde itumie kama mwanafunzi wa mazoezi aliyekuja darasani kwako na bidii nyingi: mpe kazi, kisha umkague. Mpe jedwali lile la sensa umwambie atunge maswali kumi mepesi. Hiyo ataifanya vizuri, maana namba umempa wewe. Usimwambie akuletee namba, mwaka au kifungu cha sheria kutoka kichwani mwake. Akikutajia kifungu, fungua Katiba ukitafute. Utashangaa ni mara ngapi hakipo, au kipo na kinasema jambo jingine.

Umebaki mwalimu mkuu. Usibishane naye, na wala usiache. Yeye ameona mzazi ofisini, na mzazi ofisini humtoa mkuu yeyote jasho. Nenda kwake na karatasi mbili tu: ukurasa wa mwongozo wa KICD wenye mada ndogo unayofundisha, na ule ukurasa wa sensa. Mwambie, "Mwalimu, hii ni mada, na hiki ndicho nilichopata, kimetoka KNBS. Naomba fotokopi kumi." Hapo humwombi intaneti. Unaomba fotokopi kumi za hati ya serikali, na sijamwona mkuu anayekataa hilo. Kila karatasi utakayoileta baada ya hapo, andika chini yake ilikotoka na tarehe uliyoipakua. Isome yote kwanza, mpaka mstari wa mwisho, hata ukiwa umechoka.

Na yule baba wa bodaboda, mpigie simu wiki mtakayofika kwenye uchaguzi. Aje awaeleze watoto ile foleni ya saa kumi usiku: alipewa karatasi ngapi za kura, za rangi gani, kidole alikichovya wapi. Mtafutie muda wa asubuhi, kati ya saa nne na saa sita, biashara ya steji ikiwa imepoa.